Mafundo Kumi na Matatu ya Mama Tabia

Wiki mbili zilizopita nilikabidhi funguo za kabati, baiskeli ya serikali isiyo na breki, na mhuri ambao herufi yake ya kwanza ilifutika zamani. Nikapewa cheti cha shukrani kinachosema nimetumikia elimu ya watu wazima kwa miaka thelathini na minne. Nikahesabu palepale, mbele ya mgeni rasmi: ni thelathini na mitatu. Kijana aliyenirithi akaninong'oneza, "Mzee, pokea tu." Sijazoea kupokea tu. Tabia hiyo imenifikisha mahali, na imenichelewesha pia.

Ninyi mnaobaki mmetaka niwaandikie ya kazini. Ya vyeo yamo kwenye jalada langu, lisomeni wenyewe. Mimi nitaandika juu ya mwaka wangu wa kwanza Newala, kwa kuwa ndipo nilipofunzwa kazi, na kwa kuwa jambo moja la mwaka ule hunishtua hadi leo, tena mchana kweupe, nikiwa natafuta miwani au nafunga kamba za viatu.

Nilitoka Bukoba, kona nyingine kabisa ya nchi, nikapitia chuo kikuu, nikasoma hisabati na historia. Ng'ambo ya Ruvuma wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa vitani na Wareno. Upande wetu vijiji vya ujamaa vilikuwa vinapangwa mistari. Sisi chuoni tulikuwa tunabishana. Nilimbishia mhadhiri, nikambishia padri wa kwetu, nikambishia mwenzangu wa chumbani kwamba hakuna ushahidi kuwa chai hupoza kiu. Nilipopangiwa kusimamia madarasa ya kisomo wilayani Newala nilimwuliza karani wa ajira kwa nini mimi na kwa nini Newala. Akanijibu, "Kwa sababu jina lako limeangukia hapo," akaita anayefuata.

Siku ya kwanza niliteremka kwenye lori la mizigo nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nilipokelewa nyumbani kwa Mwalimu Mkwanda, Myao wa Masasi, Mwislamu, mtu wa makamo aliyeishia darasa la nane na kufundisha tangu kabla ya uhuru. Nikaonyeshwa bafu la makuti na debe la maji. Nikaoga. Niliporudi na debe tupu, mke wake, Mama Zainabu, alilitazama, akanitazama, akaenda jikoni. Baadaye Mwalimu Mkwanda alinieleza kwa upole kwamba debe lile lilikuwa la nyumba nzima kwa siku mbili. Uwanda wa juu hauna mto wala chemchemi. Wanawake walikuwa wakishuka ukingoni mwa mlima hadi bondeni, wakipanda na debe kichwani, na safari moja ilimaliza siku. Nilikuwa nimeoga safari nzima ya mtu.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Hukuuliza," alisema. "Nimesikia una maswali mengi. Nikasubiri hilo."

Mwalimu Mkwanda ndiye aliyenifundisha zana za kazi. Chaki uivunje nusu, maana nzima hupiga kelele ubaoni. Kifutio ukipige ukutani kwa nje, si kwa ndani, kwa ajili ya wenye kifua. Andalio la somo liandikwe kabla ya kufundisha, na daftari la mahudhurio lijazwe darasani, mbele ya wenye majina. Hili la mwisho alilirudia mara tatu. Mimi nililiona ni ushamba wa karatasi. Nilishajua kwamba mkaguzi husoma daftari lililojaa, hasomi lilijazwaje. Kwa hiyo nilikuwa nakaa mara moja kwa majuma mawili, nikiwa na kalamu moja, na kuweka alama za vema nyumbani, safu kwa safu. Mkiwa mnacheka, najua nanyi mnafanya.

Darasa langu lilikuwa Makote, katikati ya mikorosho, chini ya banda la mkutano la kijiji. Tulikutana alasiri za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wanafunzi walikuwa wanawake kumi na tisa na wanaume wanne, na wanaume walikuja kwa zamu kama walioadhibiwa. Kitabu cha serikali kilitaka wajue kusoma mizani ya korosho na kuandika namba hadi mia. Mimi niliona hiyo ni dharau. Nilitaka wajue namba zilitoka wapi. Nilikuwa na madaftari yangu ya chuo na niliamua kuwapa kila nilichopewa.

Nikawachorea Wamisri wa kale: moja ni mstari, kumi ni kama upinde uliogeuzwa, mia ni kamba iliyoviringwa, elfu ni ua la majini. Nikawaeleza kwamba Mmisri akitaka kuandika mia tisa alichora kamba tisa.

"Tisa zote?" aliuliza Bi Lukia. Huyu alikuwa mkubwa kuliko wote darasani, mjane, mwenye ulimi ambao kijiji kizima kiliuheshimu kwa kukaa mbali nao.

"Tisa zote, Bi Lukia."

"Walikuwa na nafasi. Na maji walikuwa nayo?"

"Walikuwa na mto mkubwa sana."

"Basi ndiyo maana. Mtu anayeamka na mto mlangoni ana muda wa kuchora kamba tisa."

Nikawapeleka Babeli, kwa watu walioandika kwa kuchoma udongo mbichi na ncha ya unyasi, na waliofungasha hesabu zao kwa sitini badala ya kumi. Nikawaambia kwamba saa yetu ina dakika sitini kwa sababu ya watu wale waliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Hili liliwashtua kidogo. Mmoja wa wanaume aliivua saa yake akaiangalia kama aliyeuziwa kitu cha marehemu. Nikaeleza kwamba kwa muda mrefu hawakuwa na sifuri, waliacha pengo tu, na msomaji akabaki kubahatisha pengo ni la makusudi au mkono ulisita.

Kisha ikaja Jumatano ninayotaka kuwaeleza. Niliandika ubaoni namba za Wamaya wa Amerika: nukta kwa moja, nukta mbili kwa mbili, hadi nne, halafu tano ni mstari mmoja wa kulala. Sita ni mstari na nukta juu yake. Saba, mstari na nukta mbili. Nikageuka kwa madaha, maana chuoni somo hili lilinichukua wiki nzima, nikasema, "Najua ni geni. Wenzetu hawa waliona sita kuwa ni tano na moja."

Bi Lukia akasema, "Na wewe huiona ni nini?"

"Sita ni sita."

"Kwa Kiswahili. Sisi kwetu ni tano na moja. Saba ni tano na mbili. Wamakua vilevile. Mwalimu wako Mkwanda, Myao, mwulize." Akainua mkono mmoja, vidole vitano, na kidole kimoja cha mkono wa pili. "Hao watu wako tungeelewana nao."

Wenzake wakaanza kuhesabu kwa Kimakonde ili nisikie, na kweli, baada ya tano sauti ilirudi mwanzo na kupanda tena. Nilikuwa nimeishi miezi saba miongoni mwa watu hawa. Niliwahi kununua ndizi sokoni mbele ya hesabu hiyo. Nilisimama na chaki mkononi nikahisi masikio yanawaka moto. Nikafanya anachofanya kila msomi aliyeaibika: nikakimbilia mfano wa mbali zaidi. Nikawaambia kuna watu wa milima ya Amerika ya Kusini ambao hawakuandika kabisa. Walihifadhi hesabu za ufalme mzima kwa mafundo kwenye kamba.

Hapo Mama Tabia akasimama. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, mtulivu, anayeandika namba zake taratibu kama anayepanda mbegu. Alifungua pindo la khanga akatoa kikamba cha gome la myombo, urefu wa mkono, chenye mafundo.

"Kama hii, Mwalimu?"

Nilimwuliza ni ya nini. Akaeleza, na wengine wakimsaidia Kiswahili pale kilipopungua. Dada yake mkubwa, Somoe, alikuwa ng'ambo, upande wa Msumbiji, na watoto watatu. Mume alikuwa ameuawa. Somoe alikuwa amepata mwenye mtumbwi atakayemvusha Ruvuma siku moja tu. Alifunga kamba mbili kwa pamoja, mafundo sawa, moja akabaki nayo, nyingine akampa msafiri aliyekuja huku. Kila asubuhi, jua likichomoza, kila mwenye kamba anafungua fundo moja. Msafiri alikuwa akifungua njiani hadi alipomfikishia Mama Tabia. Asubuhi ya fundo la mwisho ndiyo siku ya kuvuka.

"Na wewe utakuwepo mtoni?" niliuliza.

"Lazima niwepo. Wanaovuka bila mwenyeji wanaandikwa na kupelekwa kambini kwa lori. Mama yetu alivuka hivyo mwaka juzi, sisi hatukujua siku. Hatujui lori lilimshusha wapi. Tumeuliza hadi leo." Alisema bila kulia, kama mtu anayetaja njia. "Mwenyekiti ameshaniandikia barua ya kumpokea dada."

Tulihesabu mafundo pamoja. Tano, tano, na matatu. La asubuhi ile alikuwa ameshalifungua.

Nikamwomba kamba. Nilikuwa na semina ya waratibu Masasi juma lililofuata, na nilishaona sura za wenzangu nitakapoitoa. Nilimwahidi kuirudisha Ijumaa ya semina, siku kadhaa kabla ya mafundo kwisha. Alisita. Akasema, "Kila asubuhi, Mwalimu. Jua likitoka. Fundo moja."

"Nimeelewa," nilisema.

Sikilizeni vizuri hapa, ninyi wenye shahada. Mimi nilidhani ananifafanulia kamba inavyofanya kazi, kama mimi nilivyowafafanulia udongo wa Babeli. Yeye alikuwa ananikabidhi kazi. Kwao hakuna kamba inayokaa tu. Anayeishika ndiye anayeifungua, awe msafiri, awe jirani, awe mtoto. Na kati ya watu wote wa Makote, nani wa kuaminiwa kufungua fundo moja kwa siku kuliko mwalimu wa hesabu?

"Asije akaila," alisema Bi Lukia, na darasa likacheka, nami nikacheka.

Niliitundika msumarini nyumbani, mahali pasipofika panya. Jumatatu iliyofuata nikapanda lori la kwenda Masasi na kamba ikiwa ndani ya bahasha, ndani ya kitabu, ndani ya mkoba. Semina nzima ilikuwa ya hotuba, na zamu yangu ilipofika niliinua kamba juu nikaeleza Wamisri, Babeli, Wamaya na Makote kwa pumzi moja. Nilipigiwa makofi. Mwalimu mmoja kutoka Lupaso, mwanamke wa kimya, alinifuata nje akaishika kamba kwa vidole viwili.

"Ya nani hii?"

"Ya mwanafunzi wangu."

"Leo umeshafungua?"

Nilicheka. Nilimwambia hii ni kielelezo, haiguswi. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akanirudishia. Nilidhani amevutiwa nami.

Lori la kurudi liliharibika. Mchanga, ekseli, fundi aliyekwenda harusini. Mnaijua njia ile. Badala ya Ijumaa nilifika Jumapili jioni, na Jumatatu alasiri nikaenda Makote na kamba yangu salama, kama nilivyoipokea.

Mama Tabia alikuwa amekaa mbele, amekonda zaidi. Alikuwa ameugua homa karibu muda wote niliokuwa sipo, siku zake zimeingiliana, hajui ipi ilikuwa ipi. Lakini aliipokea kamba kwa mikono miwili, akapitisha vidole. Tano. Tano. Na matatu. Uso wake ukatulia.

"Alhamdulillahi. Nilidhani zimeisha. Homa hudanganya. Kumbe bado nyingi." Kisha vidole vikasimama. Akahesabu tena. "Mwalimu. Siku ulipoichukua si yalikuwa haya haya?"

"Hayo hayo," nilisema kwa fahari. "Halikupotea hata moja."

Sikuelewa kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara mbili. Kisha nikaelewa yote kwa pamoja, maneno yake ya siku ile, swali la yule mwalimu wa Lupaso.

"Hukufungua," alisema Mama Tabia. Halikuwa swali.

"Hakufungua," Bi Lukia aliwaambia wa nyuma ambao hawakusikia.

Nikasema tusitaharuki, hili ni jambo la hesabu tu. Tunatafuta siku niliyoichukua, tunahesabu asubuhi zilizopita, tunazifungua zote sasa hivi. Nina maandishi. Nikatoa daftari la mahudhurio na andalio la somo. Nikatafuta somo la Wamaya. Hilo hapo, kwa mkono wangu mwenyewe: Ijumaa. Watu kumi na saba wamehudhuria. Nikahesabu kwa sauti, kuanzia Jumamosi hadi leo Jumatatu: asubuhi kumi. Kumi na tatu toa kumi. "Yamebaki matatu," nilisema. "Siku ya kuvuka ni Alhamisi. Mna muda." Nilikuwa natokwa na jasho, lakini nilianza kupata tena sauti yangu ya darasani.

"Ijumaa ipi?" aliuliza Bi Lukia.

"Hii, kabla sijaenda Masasi."

"Ijumaa hiyo hukuja."

"Bi Lukia, imeandikwa."

"Iandikwe, isiandikwe. Tulikaa hapa hadi jua likainama. Tukaambiwa umekwenda Newala mjini kutafuta nafasi ya lori."

Nikaangalia daftari. Vema kumi na saba, safi, za wino uleule, zimeinama upande uleule. Nilizijaza usiku mmoja kabla ya safari, majuma mawili kwa mkupuo, na somo nikalisogeza Ijumaa kwa sababu siku zilizotangulia nilikuwa nimeshaziandikia masomo mengine. Mimi, niliyemdai padri ushahidi, nilikuwa nimekwenda Newala kutafuta lori siku ile, kisha nikaja kuuamini uongo wangu kwa sababu ulikuwa na mistari na tarehe.

"Basi ni Jumatano au Jumatatu ya kabla yake," nilisema. Nilifanya hesabu ile kimya nami nikaiona kabla yao. Ikiwa ni Jumatatu, mafundo yalikwisha jana. Somoe ameshavuka, ameshaandikwa, ameshapakiwa.

"Mimi nilikuwepo siku ya kamba?" Bi Lukia aliwauliza wenzake.

"Ulikuwepo," walijibu. "Ulisema asije akaila."

"Na Jumatatu ile?"

"Jumatatu ulishuka majini," alisema jirani yake. "Zamu yako ilikuwa na mimi. Uliteleza pale penye jiwe jeusi, debe likabonyea."

"Debe liko nyumbani limebonyea," Bi Lukia aliniambia. "Ukitaka ushahidi."

Sikutaka. Ilikuwa Jumatano. Mama Tabia alishaanza kufungua, anataja kila asubuhi kwa jina lake: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Vidole vyake vilikuwa haraka kuliko sauti. Alipofika Jumatatu ya leo lilibaki fundo moja mwishoni mwa kamba iliyopindapinda. Kesho.

Kutoka Makote hadi kivukoni palikuwa na mwendo wa siku nzima kwa mtu mzima mwenye afya. Mama Tabia alikuwa ametoka kitandani. Alisimama, akajifunga khanga kiunoni, akasema anakwenda kuchukua barua ya mwenyekiti. Hakuna aliyenilaumu. Heri wangenilaumu. Bi Lukia alinitazama akasema tu, "Kwani wewe miguu huna?"

Tulitembea pamoja hadi giza likaingia, tukajilaza kwa shangazi yake ukingoni mwa mteremko. Jua lilipochomoza alilifungua fundo la mwisho akiwa amesimama, akaitia kamba pindoni, tukaanza kushuka. Njia ile ni mawe na mizizi. Mara mbili alikaa chini akitetemeka na homa, mara mbili nikamwambia nitakwenda peke yangu na barua. Mara ya pili alinijibu.

"Utamjuaje?"

"Nitamwita jina."

"Wote pale wanaogopa. Anayeitwa na mtu wa serikali asiyemjua hataitika." Akainuka. "Twende, Mwalimu. Umeshanisaidia vya kutosha."

Nimesikia makaripio mengi katika miaka thelathini na mitatu. Hilo ndilo ninaloweza kulisema kwa moyo.

Tulifika jua likiwa limepita utosini. Kando ya mto, kwenye mchanga, walikuwa wamekaa watu kama sitini, wanawake wengi, mistari mistari, wana vumbi la rangi moja hata huwezi kujua nguo ilikuwa ya rangi gani. Lori lilikuwa chini ya miti. Karani kijana alikuwa akipita mstari kwa mstari na ubao wa kuandikia, na kwa kila mtu alipiga kijiti kimoja, vinne vikitimia akakatiza cha tano juu yake. Nilivitazama vile vifurushi vya tano vikiongezeka kwenye karatasi. Sijawahi kuogopa namba namna ile. Aliyepigiwa kijiti alikwenda kusimama karibu na lori.

Mama Tabia hakuita. Alitembea kati ya mistari akitazama miguu ya watu, si nyuso. Nilidhani homa imempanda. Kisha akasimama mbele ya mwanamke mmoja katika mstari wa mwisho, aliyekuwa na watoto wawili wameegemea magoti yake na mmoja mgongoni. Alikuwa na kovu la jembe juu ya kifundo cha mguu. Mama Tabia akachuchumaa. Hawakukumbatiana. Walishikana viganja vya mikono na kukaa hivyo, vichwa vimegusana, wakati karani akiwa amebakiza watu wanne kuwafikia.

Mimi nilikwenda kwa karani na barua. Aliisoma, akaigeuza, akauliza kwa nini nimechelewa hivi, mtu angeshapakiwa. Nikamwambia kosa ni langu. Alishtuka kidogo, nadhani hakuzoea kusikia hivyo. Akaandika majina manne pembeni, akaturuhusu.

Niliporudi, dada wawili walikuwa wanazungumza Kimakonde kwa sauti ya chini. Kwenye kifundo cha mkono wa Somoe ilikuwepo kamba ya gome la myombo, imenyooka kabisa, haina fundo hata moja. Alikuwa amekaa porini siku saba na watoto watatu, wakijificha mchana, wakila mizizi, na hakuna asubuhi aliyoisahau. Mimi nilikuwa na kalenda ukutani.

Nilimwamkia. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," alijibu kwa Kiswahili kizito, akinikagua viatu. Kisha akamgeukia mdogo wake na kumwuliza kitu. Mama Tabia alijibu kwa maneno mengi, na nilijua yananihusu, maana alinyoosha kidole kwenye pindo lake, kwangu, upande wa Masasi, kisha tena kwangu. Sikumkatiza. Somoe alisikiliza hadi mwisho bila kubadilika uso.

"Anauliza unafundisha nini," Mama Tabia aliniambia.

"Hesabu," nilisema.

Somoe hakuhitaji kutafsiriwa. Hakucheka. Alifungua khanga ya mgongoni, akamtoa mtoto, akanikabidhi nimbebe, na sote tukaanza kuupanda mlima.